Mama Mpishi Akisoma

Kule kwetu, upande wa Mwimbi, sikumbuki mtu yeyote aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Mpishi, kwa sababu miaka mingi alipika katika nyumba ya mapadri, na hata alipostaafu, akawa anapika sufuria moja ndogo ya kwake mwenyewe, jina halikubadilika. Ukoo wake siujui vizuri na sitaugusa. Ninachojua ni kwamba utoto wangu wote nilimwogopa, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa mwoga kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu.

Aliogopa mbwa, hata aliyefungwa kamba. Aliogopa mabata ya parokia, akawa analizunguka shamba zima la mahindi ili asikutane nao. Akisafiri kwenda Sumbawanga alikaa nyuma ya dereva na kumsemesha kila kona, "Polepole, baba, polepole," mpaka siku moja dereva akasimamisha gari na kumwomba aje ashike usukani yeye. Wingu likitanda, alifunika kioo kwa kanga, akavua pete ya ndoa, akatoa nje vyombo vyote vya chuma, kisha akaketi katikati ya chumba na rozari yake. Hilo la mwisho hatukumcheka. Ufipa radi si mchezo. Kila ukoo una mtu wake aliyekwenda na radi, na kila ukoo una maelezo yake kuhusu nani aliyeituma.

Sisi watoto tulimwogopa kwa sababu ya macho. Yalikuwa mekundu, ya moshi wa jikoni na ya koroboi aliyosomea miaka nenda miaka rudi. Sasa fikiria: mjane, hana mtoto, anaishi peke yake, macho mekundu. Kwetu mwanamke wa namna hiyo watu hawamtaji kwa sauti kubwa. Na juu ya hayo, nyumbani kwake zilisikika sauti. Ukipita nje ungesikia mwanamume akifoka, mara mwanamke akijibu, mara mtoto akilia, na wote tulijua kwamba mle ndani kuna mtu mmoja tu. Tukifika kwenye uzio wake tulikimbia hadi kisimani bila kugeuka.

Siku moja mama alinituma nimrudishie ungo wake. Sikuwa na ujanja wa kukataa. Nilipofika mlangoni nikasikia mwanamume akiomba asiuawe. Alisema ana watoto, alisema hakukusudia. Nilisimama pale nimeukumbatia ungo, nikitaka kukimbia na nikishindwa. Kisha mlango ukafunguka. Mama Mpishi alikuwa amevaa miwani yenye mkono mmoja wa uzi, mashavu yamelowa machozi, kitabu mkononi.

"Ingia, mwanangu, ingia upesi," alisema. "Anakaribia kusamehewa."

Niliingia. Sijui kwa nini, labda kwa sababu nilitaka kumwona huyo mwanamume. Nikaketi juu ya gunia la ulezi, naye akaendelea kusoma, na yule mwanamume akatoka tena kinywani mwake. Alisamehewa. Niliporudi nyumbani mama aliniuliza mbona natetemeka, nami nikamwambia kwamba kulikuwa na mtu karibu auawe, lakini ameachiliwa.

Vitabu alivipata kwa padri mzee aliyerudi kwao, akamwachia sanduku la mbao limejaa: hadithi, riwaya, mashairi, vyote kwa Kiswahili. Kusoma kwenyewe alijifunza jikoni, kwa kuulizauliza maandishi ya makopo ya maziwa na unga, na padri yule akamsaidia. Chumvi hakumpa mtu. Sufuria yake ukiiazima atakufuata nayo mpaka kanisani. Kitabu lakini alikukopesha hata kama humjui vizuri, mradi uoneshe mikono yako kuwa imenawa, pande zote mbili.

Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wote waliomsikiliza: alianza na ukurasa wa mwisho. Alisoma mwisho kwanza, kimya kimya, ndipo anarudi mwanzo. Nilipomuuliza, alinijibu kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika maharage.

"Nataka nijue nani anakufa. Nikishamjua, naweza kumpenda bila wasiwasi."

Mara nyingine aliniambia kwamba hofu ya kitabuni ni mazoezi. "Humo ukizidiwa unakifunika, unakwenda kunywa maji, unarudi. Huku nje hakuna wa kukufunikia." Wakati ule nilidhani ni maneno ya mzee tu.

Jumapili mchana, baada ya misa, wanawake walikusanyika jikoni kwake. Walikuja na kazi zao, huyu na karanga za kubangua, yule na ulezi wa kupeta, na yeye aliwasomea. Wale wazee wasioelewa Kiswahili cha kitabuni aliwageuzia kwa Kifipa papo hapo. Mama Oresta, aliyekuwa akipika pombe na kuiuza, mwanamke wa sauti kubwa na mabega mapana, alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alibishana na watu wa kitabuni kana kwamba wanamdai. "Mjinga huyu! Usimfungulie! Mama Mpishi, mwambie asimfungulie!"

Mama yangu alikwenda pia, na naweza kusema kwamba kilichotuokoa sisi kilitoka jikoni mle. Baba alipofariki, baba mdogo alikuja kwa mama akiwa peke yake na kumwambia ahame shambani, arudi kwao na watoto. Mama hakuwa mtu wa maneno. Lakini wiki hiyohiyo walikuwa wamesomewa habari za mwanamke mmoja aliyetishwa faraghani, naye akasubiri wageni wajae, ndipo akamtaka aliyemtisha arudie maneno yake. Mama alisubiri siku ya kumaliza matanga. Watu wamejaa, paroko yupo, wazee wapo. Akasimama.

"Shemeji, lile neno ulilonieleza juzi, naomba urudie watu wasikie."

Baba mdogo alikohoa, akasema hakuna neno. Mama akaketi. Shamba lile tunalilima mpaka leo.

Vijana nao walianza kuja, na miongoni mwao alikuwepo Festo, kijana wa Mzee Kalisto. Alikuwa ameacha shule kitambo na anavusha mahindi kwa pikipiki kwenda Kasesya, mpakani. Alikuja kwanza kwa kutania. "Mama Mpishi, mambo? Nasikia humu kuna sinema." Akapewa kitabu. Akarudi kuchukua kingine. Baadaye akawa anafika hata siku za kazi, pikipiki ameiegesha nje, akiuliza kwa nini mtu fulani alifanya vile na si hivi, na Mama Mpishi, aliyekuwa hawezi kumtazama bata usoni, alimbishia mpaka akapiga meza.

Alasiri moja ya masika Festo alifika kubadilisha kitabu. Mbingu ilikuwa nyeusi upande wa bondeni. Mama Mpishi alimsihi asubiri mvua ipite. Mimi nilikuwepo, nilisikia. Festo alicheka, akakitia kitabu ndani ya shati, akasema atakuwa nyumbani kabla ya tone la kwanza. Pikipiki alikuwa ameiacha kwao siku hiyo kwa sababu ya utelezi, akaondoka kwa miguu. Radi ilimpiga kwenye mteremko, karibu kabisa na kwao.

Shati lilikuwa limechanika na kuungua. Kiatu kimoja kilipatikana mbali. Kitabu kilikuwa bado kifuani mwake, na hakikuungua hata ukingo. Hakuna aliyethubutu kukishika. Walikisukuma kando kwa kijiti. Kabla ya mazishi tayari kijiji kizima kilikuwa na habari: alitoka wapi? Kwa Mama Mpishi. Alibeba nini? Kitabu cha Mama Mpishi. Kitu gani hakikuguswa na moto?

Jumapili iliyofuata jikoni kwake hakwenda mtu. Mama naye hakwenda. Alikaa mlangoni na karanga zake, akizibangua bila kuzitazama. Mama Mpishi alipopita kwenda kisimani, watu walimwitikia salamu huku wakitazama chini. Yeye alielewa. Nilimwona akitembea katikati ya njia, mbali na uzio wa kila mtu, kama anayeogopa kugusa kitu cha mwenzake.

Mvua zilipoanza kukata wakaja kamchape. Kwa asiyewajua, ni kundi la vijana na mganga wao wanaokwenda kijiji hadi kijiji, nyumba kwa nyumba, wakidai kuwafichua wachawi. Serikali imekataza. Kila mtu alijua imekataza, mwenyekiti wa kitongoji alijua zaidi, na siku hiyo alikuwa amekwenda Kasesya kumwuguza ndugu. Vijiji vingine waliotajwa walinyolewa nywele na kuchanjwa chale mbele ya watu, na mama mmoja, tuliambiwa, hakuifikia jioni.

Tulisikia filimbi zao saa za asubuhi. Mama alisimama.

"Wanakwenda kwa nani?" niliuliza.

"Kwa nani mwingine?" alisema, akanishika mkono, tukaenda. Alinibana mpaka nikaumia.

Ua ulikuwa umejaa. Vijana wenye vitambaa vyekundu kichwani walikuwa wamelitoa sanduku nje na kulipindua. Mama Mpishi alisimama kando ya mlango wake bila miwani, mikono imelegea. Alikuwa mdogo kuliko nilivyozoea kumwona. Mzee Kalisto alikuwa mbele, rungu mkononi, uso hauna kitu chochote. Mganga, kijana tu wa kama miaka thelathini, alichukua kitabu kimoja akakikung'uta kama anayetafuta nyoka.

"Bibi, haya ni nini?"

Midomo yake ilitikisika. Sauti haikutoka.

"Nauliza, haya ni nini? Majina ya watu uliowamaliza?"

"Vitabu," alisema.

"Vitabu vya nini? Mbona mtu kafa, kitabu kimepona?"

Watu waliguna. Nyuma yangu mtu alisema, "Ichomeni nyumba, naye akiwemo." Alisema taratibu kabisa, kama anayeagiza sabuni dukani. Sikugeuka kumtazama, na mpaka leo sijui ni nani. Sauti ile ndiyo inayonirudia kila nisikiapo filimbi.

Mganga alimtupia kile kitabu kifuani. "Haya, soma. Soma tusikie unavyowaita."

Siku hiyo hakukuwa na ukurasa wa mwisho wa kuchungulia. Alikiokota. Mtu mmoja, sikuona nani, alimpa miwani yake. Akafungua katikati na kuanza, na mwanzoni ilikuwa pumzi tu. Kisha neno, kisha maneno mawili. Halafu ikaja ile sauti ya mwanamume, iliyochoka, ya mtu aliyetoka safari ndefu, amesimama mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, akigonga. Na ndani mke wake akiuliza ni nani.

"Ngoja kwanza!" Mama Oresta alijipenyeza kutoka upande wa kisima, bado ana unga wa kimea mikononi. "Si karani huyo? Amerudi?"

Wanawake uani waligeukiana. Hiki kilikuwa kitabu walichokuwa wakisomewa tangu mavuno, habari za karani aliyejifanya amekufa ili akwepe madeni, akamwachia mke wake kilio.

"Tuliishia yuko stesheni," Mama Oresta alisema. "Umeruka?"

"Sikuruka," Mama Mpishi alijibu, na alikuwa akilia. "Ni sura inayofuata."

"Basi endelea."

Na Mama Oresta akaketi. Aliketi chini kwenye udongo, palepale kati ya Mama Mpishi na wale vijana, akakunja miguu kama anavyoketi jikoni. Mama akauachia mkono wangu. Nilimwona akipita mbele ya watu wote, akaketi kando ya Mama Oresta. Kisha mwanamke mwingine. Kisha wale wazee wawili wa Kifipa.

"Ondokeni hapo!" mganga alifoka.

"Kijana, mwache mtu agonge mlango wake," Mama Oresta alimwambia.

Mtu alicheka, kicheko kifupi cha woga. Mama Mpishi alisoma. Alisoma bila kuinua macho, haraka, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na kila mganga alipofoka yeye aliongeza sauti. Baadaye sana aliniambia kwamba hakuwa na ushujaa wowote. "Niliogopa kunyamaza. Nilijua nikinyamaza tu, yatakuja mengine." Mke wa karani alifungua mlango. Karani alianguka miguuni pake. Vijana wenye vitambaa vyekundu walikuwa wakitazamana, wamechoka kusimama, na mmoja wao alikuwa ameegemea ukuta, anasikiliza.

Sura ilipoisha Mzee Kalisto alisogea. Wanawake wale hawakuinuka, lakini niliona mabega yao yakikaza.

"Festo alikisoma hiki?" aliuliza.

"Alikimaliza, mzee wangu. Alikuwa na kingine."

"Alikipenda?"

"Alilia. Palepale anapogonga."

Mzee Kalisto alitazama kile kitabu. Halafu akageuka, akaondoka na rungu lake, na waliokuja naye wakaanza kumfuata mmojammoja. Mganga alijua siku imemponyoka. Hakumgusa mtu. Lakini kabla ya kwenda nyumba nyingine vijana wake walivirundika vitabu sandukuni, wakalimwagia mafuta ya taa, wakaliwasha, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyethubutu kuuzuia moto ule. Kilipona kimoja tu, kile alichokuwa amekishika Mama Mpishi. Karatasi zilizoungua ziliruka juu ya mahindi ya watu, na tuliokota vipande siku nyingi.

Kesho yake alfajiri mama na Mama Oresta walimsindikiza mpaka barabarani, akapanda lori la mahindi kwenda Sumbawanga kwa mtoto wa dada yake. Hakuaga.

Nami nilipokua nilihamia mjini. Nina kibanda cha maharage na ulezi pale sokoni, na Jumapili nilikuwa nikimtembelea Mama Mpishi. Kwa nje angeonekana ametulia. Lakini alisoma kimya, midomo imefumbwa, na mtu akibisha hodi alikifunika kitabu kwa kanga kabla ya kuitika. Nilimpelekea vitabu vya mitumba. Alivipokea kwa mikono miwili na kuvificha chini ya godoro. Nilimwomba mara nyingi anisomee, hata ukurasa. Alikataa.

"Sauti hiyo ndiyo iliyonihamisha kwangu, mwanangu."

"Si ndiyo iliyokuokoa?"

"Ndiyo hiyohiyo," alisema. "Ndiyo maana siiamini."

Mwaka jana wakati wa baridi Oresta alinipigia simu. Mama yake amefariki. Akasema marehemu aliacha neno moja tu: wasifu wake asome Mama Mpishi, si mtu mwingine. Nilikwenda kumwambia. Alinisikiliza, akasema hapana, akasema tena hapana, akafunga mlango. Asubuhi nilipopita kumpa pole nilimkuta amevaa gauni jeusi, ameketi kitandani, viatu mkononi.

Njia nzima hakumsemesha dereva. Hilo lilinitisha kuliko kama angemsemesha. Tuliposhuka barabarani alikataa bodaboda, tukatembea, na kadiri nyumba zilivyozidi kuonekana ndivyo alivyozidi kuniegemea. Upepo wa mwezi wa saba ulikuwa mkali. Wengine pale msibani walikuwa vijana wasiomjua. Wengine walimjua vizuri sana. Tulipoingia uani mazungumzo yalikatika, na nikakumbuka ile sauti iliyoagiza moto. Mwenyewe huenda alikuwa hapo, amekula ugali, ametulia.

Mzee Kalisto alitoka upande wa makaburi, amebeba sepetu, udongo mpaka magotini. Amezeeka, anakokota mguu. Alikuja moja kwa moja kwetu. Nilisogea mbele ya Mama Mpishi bila kufikiri, naye akanisogeza pembeni kwa mkono.

"Umefika," Mzee Kalisto alisema.

"Nimefika."

"Pole na safari."

"Poleni na msiba."

Aliweka sepetu chini, akachukua kiti alichokuwa amekalia kijana mmoja, akakipangusa kwa kofia yake na kumwekea karibu na jeneza. Wakati ulipofika, Oresta akaleta karatasi ya wasifu, na watu walipoendelea kunong'ona, ni Mzee Kalisto aliyegeuka na kusema, "Nyamazeni, anasoma."

Mama Mpishi alisoma amesimama. Karatasi ilitikisika mpaka Oresta akaishika upande mmoja. Yalikuwa maneno ya kawaida: aliolewa, alizaa, alilima, alipika pombe, aliugua. Lakini alipofika kwenye watoto aliozaa na kuwazika, sauti ile niliyoisikia nimekumbatia ungo ikatoka, na wanaume walivua kofia. Kisha alikunja karatasi na kuketi, akafunika uso.

Hakukubali kula. Hakukubali kulala hata kwetu, ingawa mama alimbembeleza. Alitaka tuondoke kungali na mwanga, na njiani aligeuka nyuma mara kwa mara, mpaka nyumba zote zikapotea nyuma ya migunga. Barabarani tulingoja gari muda mrefu. Alikuwa ameivuta kanga mpaka kidevuni.

"Hivi," aliniuliza hatimaye, bila kunitazama, "wale wa nyuma, waliokuwa kule kwenye uzio, walisikia?"

"Walisikia, Mama."

"Wote?"

"Wote."

Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kutazama barabara.